Paja la Mama Likijaa, la Baba Liko Wapi?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji na akamwandikia rizki yake kabla hajaiona dunia. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Wazee wetu wa pwani walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ni neno la hikima, na makusudio yake ni kutukumbusha kwamba malezi ni marefu kuliko ile miezi tisa. Lakini iko hali moja ambayo methali hii haikuigusa, nayo ni hali ya mama aliyekusanyikiwa na yote mawili kwa wakati mmoja: mimba tumboni na mwana kiunoni. Huyu wa tumboni amtia kichefuchefu tangu alfajiri. Yule wa kiunoni, aliyeanza juzi kusimama dede, amvuta leso akitaka kupakatwa. Juu ya hao wawili kuna chungu jikoni, nguo kwenye beseni, na mume anayerudi adhuhuri akiuliza chakula. Mama wa namna hii ndiye nitakaye tumzungumze wiki hii.

Lililonisukuma kuandika ni kisa cha kijana mmoja na mkewe walionijia baada ya sala ya Magharibi, wakaketi nami katika ukumbi wa madrasa. Wamenipa idhini niyaeleze haya bila ya kutaja majina. Walikuwa na mtoto wa kike wa umri wa mwaka mmoja na miezi minne, na mamake alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Siku mimba ilipojulikana, mavyaa wa yule binti aliamuru mtoto aachishwe ziwa siku ile ile. Mama akajipaka shubiri. Mtoto akaonja uchungu, akalia, akarudi tena, akalia tena. Siku mbili hakulala mtu nyumbani mle. Siku ya tatu mtoto akaanza kuharisha, na jirani aliyekuja kumjulia hali akanong'ona neno ambalo kila mzazi wa pwani alijua: mtoto amebemendwa.

Kijana akaniuliza, "Sheikh, je, mke wangu amemdhulumu mtoto?"

Mkewe alikuwa ameinamisha uso, akiikunja ncha ya buibui lake na kuikunjua. Nikamwambia kijana, "Mwanangu, umeuliza kana kwamba mimba hii aliitafuta peke yake." Akanyamaza. Kabla ya jambo jingine lolote niliwaambia wampeleke mtoto kwa daktari usiku ule ule, kwani mtoto mdogo anayeharisha hukaukiwa na maji mwilini upesi, na suala la dini laweza kungoja hadi kesho. Walikwenda, mtoto akatibiwa, na kesho yake tukazungumza. Haya ndiyo tuliyoyazungumza, pamoja na mengine niliyoyaongeza kwa faida ya wote.

Na tulitazame kwanza hilo neno kubemenda, kwa kuwa limewaumiza wanawake wengi. Wenye kuitakidi hivyo husema kwamba mwanamke akishika mimba hali ananyonyesha, maziwa yake huharibika yakamdhoofisha mtoto. Khofu hii haikuanza kwetu. Waarabu wa zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa nayo, na kwao jambo hilo liliitwa ghila: mume kumwendea mkewe hali ananyonyesha, na baadhi ya wanazuoni wamesema ni mwanamke kunyonyesha hali ana mimba. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Bibi Judama bint Wahb (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikaribia kuikataza ghila, kisha akazingatia kwamba Warumi na Wafursi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi hakuikataza. Tazameni adabu iliyomo humo. Mtume (s.a.w.) hakuidharau khofu ya watu wake, wala hakuifuata vivi hivi. Alitazama hali ya watoto wenyewe, kisha ndipo akaamua.

Madaktari wa leo nao husema kwamba kwa mama mwenye afya, ambaye mimba yake haina matatizo, kunyonyesha hakumdhuru anayenyonya wala aliye tumboni. Maziwa hupungua na ladha yake hubadilika kadiri mimba inavyoendelea, na watoto wengi huyaacha wenyewe. Lakini mama aliyewahi kuharibikiwa na mimba, au kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, asijiamulie. Na amuulize daktari au mkunga, na alifuate atakaloambiwa.

Je, wazee wetu walikosea kabisa? Hasha. Walimwona mtoto aliyenyang'anywa ziwa mapema akikonda, nao waliona kweli. Sababu ndiyo iliyowapotea. Mtoto yule hakudhurika kwa maziwa aliyoyanyonya, bali aghalabu kwa yale aliyoyakosa ghafla, akapewa mahali pake uji mwepesi na maji yasiyochemshwa. Na hikima yao ya kutaka nafasi baina ya mtoto na mtoto ni hikima sahihi. Shirika la Afya Duniani hushauri ipite angalau miezi 24 tangu mama kujifungua hadi kushika mimba nyingine, na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha. Basi mume na mke na washauriane mapema, wala wasione haya kumwendea daktari kwa jambo hili. Lakini mimba ikishakadiriwa na Mola, haifai tena kugeuzwa mashtaka juu ya mama. Imekwisha kuwa amana, na amana hulindwa.

Aya hiyo hiyo ina jambo jingine ambalo wengi hulipita. Imeelezwa humo kwamba wazazi wawili wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya miaka miwili, kwa kuridhiana na kushauriana baina yao, hawana dhambi. Ridhaa ya wawili, na mashauriano ya wawili. Hakutajwa hapo nyanya, wala shangazi, wala jirani. Nasaha ya wakubwa twaithamini na kuipokea kwa heshima, lakini uamuzi ni wa mama na baba, nao huamua kwa utulivu, si kwa kibuhuti.

Na wakishaamua kumwachisha, wamwachishe kwa upole. Liondoshwe ziwa la mchana kwanza, siku kadhaa baadaye jingine, na la usiku liwe la mwisho. Kila ziwa linaloondoka lifuatiwe na kitu: uji mzito uliotiwa maziwa, ndizi iliyopondwa, kunde, yai, samaki aliyetolewa miba. Na lifuatiwe na mtu pia, wa kumbeba na kumzungumzisha. Shubiri na pilipili tuziache. Mtoto wa umri huo hajui kwamba mamake ana mimba. Ajualo ni kwamba mahali palipokuwa patamu kuliko pote duniani pamegeuka uchungu, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Sisemi haya nikiwa mtu aliyesalimika na kosa. Mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa pili, kifungua mimba wetu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikifundisha mirathi, naweza kuyagawa mafungu ya warithi kumi bila ya kushika kalamu. Nikaona suluhisho jepesi: nikampandisha mtoto basi hadi Malindi kwa nyanya yake, akae huko hata mamake atoke arubaini. Hatukumweleza lolote, tulimwambia twaenda kutembea. Nilipokwisha kunywa chai, nilitoka kwa mlango wa uani wakati yeye akicheza na kifuu cha nazi.

Baada ya miezi miwili nilimrudisha. Mamake akamnyooshea mikono. Mtoto akasimama kizingitini, ameishika kanzu yangu, akamwamkia mamake kama aamkiavyo wageni. Usiku akamlilia nyanya yake, akawa anasema, "Nataka kwetu." Mke wangu alilia, na mimi, Mungu anisamehe, nilimkemea nikamwambia mtoto atasahau. Kwa muda mrefu baada ya hapo, hata alipokuwa ameshaanza kusoma, nikitoka usiku kwenda kwenye nikahi au maziko, mtoto yule hakulala mpaka aisikie sauti yangu mlangoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakusahau.

Nilijua fungu la kila mrithi, lakini sikulijua fungu la mwanangu. Fungu lake lilikuwa ni paja moja tu la mzazi wakati lile jingine limejaa. Na paja hilo lilikuwapo nyumbani. Lilikuwa langu.

Hili ndilo neno ninalotaka akina baba walichukue wiki hii. Mama anapokuwa mja mzito, mtoto mkubwa asihamishwe nyumba. Na ahame paja. Na hapa tuna kiigizo chema kuliko vyote. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alisali hali amembeba Umama, binti wa binti yake Bibi Zaynab, akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba. Imepokewa pia na Nasai kwamba aliirefusha sijida mpaka maswahaba wakaingiwa na wasiwasi, na sababu ilikuwa ni mjukuu wake aliyempanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Ikiwa yeye hakuona uzito kumbeba mtoto mbele ya safu za wanaume msikitini, nani kati yetu atakayesema kumwosha mwanawe ni kazi ya wanawake?

Basi baba na aanze mapema, mimba ikiwa bado changa, asingojee siku ya uchungu. Amwogeshe mtoto jioni. Amlishe chakula cha usiku. Amchukue akienda dukani au barazani. Akiamka usiku, aamke naye yeye, ampe maji, amlaze kifuani mpaka arudiwe na usingizi. Siku za mwanzo mtoto atamkataa na kumlilia mamake, asivunjike moyo, wala asimrudishe kwa mama akisema, "Huyu hanitaki." Na kama mtoto atahamishiwa kitanda chake, jambo hilo lifanywe miezi kadhaa kabla ya mwenziwe kuzaliwa, asije akaona kwamba aliyezaliwa ndiye aliyemfukuza.

Kuhusu mama mwenyewe, haki zake ni nyingi, nami nitazitaja chache. Haki ya kwanza ni kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mja mzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, na mwenye mtoto mdogo ndiye mwepesi wa kuzikosa, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Basi siku ya kliniki iwe ni siku ya baba, shangazi au nyanya kukaa na mtoto. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa avinywe, asiviweke kabatini kwa kuwa vyamchefua. Amwambie mkunga, atamwelekeza. Na akiona damu, au kichwa kikimgonga sana na macho yakifanya ukungu, au uso na mikono ikivimba, au homa kali, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, asisubiri ruhusa ya mtu. Na apelekwe hospitali saa ile ile.

Haki ya pili ni kupumzika. Akichoka kubeba, aketi mkekani, mtoto amwendee yeye. Sakafu ikikosa kufagiliwa siku moja, nyumba haitaanguka. Na Ramadhani ikimkuta katika hali hii, sharia imemrahisishia. Akiichelea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atafungua na kulipa siku zake; na akimchelea mtoto peke yake, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi atalipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Asidhani kwamba kujitesa ndiko kuliko na thawabu zaidi.

Haki ya tatu ni ulimi mwema. Wako watu wapendao kumtania mtoto: "Ngoja mwenzio aje, mama hatakuwa wako tena." Wao hucheka, lakini mtoto hachukulii kuwa ni mzaha. Badala yake aambiwe kwa maneno mepesi: tumboni mwa mama mna mtoto, atakuja kuwa ndugu yako, na wewe utabaki kuwa mwana wetu. Arudiwe hayo mara kwa mara, hata kama mwaona haelewi.

Siku mtoto mpya atakapoletwa nyumbani, mama aingie mikono mitupu, yule mchanga abebwe na mtu mwingine, ili mikono ya mama ya kwanza iwe ya mkubwa. Wageni wakija na zawadi, wamwamkie mkubwa kwanza, na aliyeleta zawadi ya mtoto akumbuke kumshikisha mkubwa japo ndizi au halua kidogo. Siku ya akika naye avishwe nguo njema, ashike sahani, aambiwe kwamba yeye pia alifanyiwa hivyo hivyo. Huenda akarudi nyuma: akakojoa kitandani baada ya kuacha, akataka ziwa, akalia kama mchanga. Asipigwe kwa hayo, wala asiaibishwe. Anauliza swali kwa njia aijuayo, na jibu lake ni kupakatwa. Lakini asiachwe peke yake na mtoto mchanga, kwani mkono wa mtoto hauna kipimo, hata kama moyo wake hauna ubaya.

Tusiudharau wivu wa watoto. Kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kilianza kwa ndugu waliodhani kwamba baba yao anampenda mwingine kuliko wao, na kikafika kisimani. Na Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudia Bashir alipotaka kumpa zawadi mwanawe Nu'man peke yake bila ya kuwapa nduguze, akamwamrisha kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Uadilifu huo hauanzi kwa mashamba na nyumba. Huanzia ukumbini, kwa nani anayetazamwa anapozungumza.

Sasa niwarudishe kwa wale vijana wawili. Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwao kumzuru yule mavyaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala. Nikamsomea hadithi ya Bibi Judama, nikamfafanulia maneno ya wanazuoni na ya madaktari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. Kisha akaniambia kwamba mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alifariki kabla ya kutimiza miaka miwili, wakati yeye akiwa na mimba ya wa pili. Na siku ya matanga, wanawake wenziwe walimwambia kwamba amembemenda mwanawe mwenyewe. Hakulisema neno hilo kwa mtu yeyote kwa zaidi ya miaka arubaini. Alipoona mkwewe ameshika mimba hali ananyonyesha, alichokiona ni lile kaburi dogo.

Akaniuliza, "Basi, Sheikh, mwanangu sikumuua mimi?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hukumuua. Ajali yake iliandikwa na Mola wake, na wewe ulimnyonyesha kwa huruma mpaka siku yake. Tunataraji atakungojea kwenye mlango wa Pepo."

Hakujibu. Aliinuka kwenda jikoni, akakawia huko. Aliporudi na kahawa macho yake yalikuwa mekundu, nami sikuuliza.

Mtoto yule wa kike sasa ananyonya mara moja tu, usiku. Uji wake wa asubuhi anapikiwa na nyanya yake, ambaye hamruhusu mtu mwingine kuuonja chumvi. Baba ndiye amlalishaye. Ameniambia kwamba bega lake la kushoto limekufa ganzi, na alivyolisema hilo sikuona kuwa ananung'unika.

Enyi wasomaji wangu, kabla ya kulitamka neno juu ya mama mwenye mimba na mtoto mdogo, tulipime. Laweza kuishi moyoni mwake miaka arubaini, kisha likamrukia mkwe, likamfika mjukuu. Na badala ya neno, tumpe mkono. Mkono mmoja haulei mwana. Sembuse wana wawili.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu wenye mimba, uwajifungue kwa salama, uwape watoto wenye afya na wenye kuwafurahisha macho yao, na uzilainishe nyoyo za waume zao na za wakwe zao. Na wale waliozika watoto wadogo, uwafanyie subira yao kuwa nuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.